Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, gati la Bandari ya Kaskazini hapa Mwanza hupokea abiria wa namna ya pekee. Ni vijana wa Nansio, wa Ukara, wa Irugwa, wa Kome na wa Maisome, wakiongozana na wazee wao, waliovuka maji kuja kuuliza neno moja tu: mtoto huyu sasa aende wapi? Wamo waliokwisha uza ng'ombe. Wamo waliouza mtumbwi na nyavu zake. Wengi wao hufikia kwa jamaa zao katika mitaa yetu ya Mirongo, na huko hupewa ushauri ule ule waliopewa waliotangulia: mtafutie chuo kikuu, apate shahada, mengine yatajitengeneza yenyewe. Anayethubutu kutaja chuo cha ufundi hutazamwa kana kwamba amemtukana mtoto na wazazi wake.

Sisi hatuafiki ushauri huo. Lakini yafaa tuseme mapema kwamba hatuafiki pia maneno ya wale wanaougeuza juu chini, wakidai kwamba chuo kikuu ni kupoteza fedha na kwamba kijana atajifunza kila kitu huko huko kazini. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Maarifa ya chuo kikuu, mafunzo ya chuo cha ufundi na mazoea ya kazi ni mafiga matatu ya jiko moja. Ukiondoa moja, chungu kitamwagika, na watakaolala na njaa si wale waliotoa ushauri.

Ni haki kwanza kueleza kwa nini wazazi wengi wanaidharau shule ya ufundi, maana dharau hiyo haikuzuka hewani. Wakati wa ukoloni elimu iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipofundishwa useremala au uashi, mara nyingi alikuwa akiandaliwa kuwa msaidizi wa bwana mwenye rangi nyingine, wala hakutazamiwa kuja kuwa mkubwa wa kazi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa lilihitaji makarani, walimu, mahakimu na mabwana shauri kwa haraka, na aliyekuwa na cheti cha darasani alipata kiti na mshahara. Mzee aliyeyaona hayo kwa macho yake hakukosea alipomwambia mjukuu wake ashike kalamu. Kosa letu sisi ni kuendelea kuufuata ushauri wa zama zile katika zama ambazo viti vimejaa na waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 alihimiza shule zisimtenge mtoto na kazi za jamii yake. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, katika mwambao wa ziwa hili hili, ikatoa azimio lililogusa moja kwa moja mjadala wetu wa leo. Azimio la Musoma lilitaka kijana aliyemaliza sekondari asiende chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na apate maelezo mazuri kutoka mahali pake pa kazi, ndipo afikiriwe kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Shabaha ya azimio hilo ilikuwa njema. Mtu aliyewahi kushika kazi huingia darasani na maswali yake mwenyewe, wala hasubiri kuulizwa na mwalimu. Hata hivyo utekelezaji wake ulikuwa na kasoro. Idadi ya wasichana waliojiunga na Chuo Kikuu ilipungua, kwa kuwa miaka ya kazi iliangukia umri wa kuolewa na kulea, na haukupita muda mrefu kabla ya sharti hilo kulegezwa kwa ajili yao. Baadaye utaratibu wote ukaachwa. Funzo tunalolipata hapo ni kwamba kazi na chuo vinahitajiana, lakini havifai kufungwa pamoja kwa amri moja inayowapima watu wote kwa kibaba kimoja. Inatupasa kutafuta njia ya kuvikutanisha bila kumfungia mtu mlango.

Leo hii milango inafungwa, tena kutoka pande mbili. Upande mmoja yuko kijana mwenye stashahada au shahada mkononi, ambaye kila tangazo la kazi analolisoma linamtaka awe na uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Uzoefu huo aupate wapi, ikiwa kila mwajiri anataka mtu aliyekwisha kuupata kwa mwenzake? Upande wa pili yuko fundi wa kisiwani ambaye amejenga mitumbwi tangu alipokuwa akimshikia baba yake taa. Anajua mbao ipi itavumilia maji, anapanga mkuku na mataruma bila kuchora mstari, anapiga kalafati isiyovuja. Lakini zabuni ya boti inapotangazwa, au kiwanda kinapotafuta mafundi, anaulizwa cheti, naye hana. Wa kwanza ana karatasi isiyo na mikono, na wa pili ana mikono isiyo na karatasi. Nchi maskini haiwezi kumudu kuwatupa wote wawili.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo. Tunawaomba wakumbuke tarehe 20 Septemba 2018. Siku hiyo kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, na watu 228 wakapoteza maisha. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Rais wa wakati ule, Hayati John Magufuli, alipolihutubia taifa alieleza kwamba usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiye na mafunzo ya kazi hiyo. Zipo nyumba Ukara na Ukerewe ambazo hazihitaji kuelezwa na gazeti tofauti iliyopo kati ya mtu aliyefunzwa kazi na mtu aliyeshikishwa kazi. Kwa watu wa visiwani, ufundi ni suala la kufika nyumbani salama.

Yafaa pia tuseme lililofuata, maana nalo lina funzo. Kivuko kilichokuja kuchukua nafasi ya kile kilichozama, yaani MV Ukara II Hapa Kazi Tu, kilijengwa hapa hapa Mwanza na kampuni ya Kitanzania ya Songoro. Kujenga chombo kama kile kunahitaji mhandisi wa kupiga hesabu za uzito na mizani ya chombo majini. Kunahitaji mchomeleaji aliyefunzwa, ambaye kiungo chake cha chuma hakitaachia siku ya mawimbi. Kunahitaji pia mzee wa karakana, ambaye kwa kusikiliza tu mlio wa injini anajua panapouma. Ukimwondoa mmoja wao, kivuko hakishuki majini, au kikishuka hakirudi. Hatujui namna ya kuwapanga watu hao watatu kwa daraja la heshima, na hatuoni sababu ya kufanya hivyo.

Kama kuna anayedhani kwamba kuunganisha darasa na kazi ni ndoto, na apande kilima cha Bugando. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 2003 pamekuwapo mafunzo ya chuo kikuu ya udaktari ubavuni mwake. Mwanafunzi wa udaktari hasomi vitabu peke yake. Anapelekwa wodini, anamtazama mgonjwa, anaulizwa na daktari wake mbele ya kitanda, na akishamaliza masomo hutumika mwaka mzima chini ya usimamizi kabla ya kuachiwa afanye kazi kwa madaraka yake. Mwalimu naye kabla ya kuhitimu hupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Ikiwa hatukubali kutibiwa na daktari ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa, kwa nini tukubali kumpa cheti fundi wa injini ambaye hajawahi kufungua injini?

Twageukia sasa hali ilivyo katika mkoa wetu. Hatuwezi kulalamika kwamba hatuna pa kuanzia. Tangu sheria ya mwaka 1994 ilipoanzisha VETA, mafunzo ya ufundi stadi yamepata mwenyewe wa kuyasimamia, na chuo cha mkoa kipo Nyakato. Katika miaka ya karibuni Serikali ilianza kujenga vyuo vya ufundi stadi vya wilaya, na Ukerewe haikusahauliwa. Nyegezi kipo chuo cha uvuvi, ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Murutunguru, huko huko Ukerewe, kipo chuo cha ualimu. Nayo Sera ya Elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, mkondo ulioanza kufundishwa katika baadhi ya shule mwaka 2024, ili kijana atoke kidato cha nne akiwa na ujuzi pamoja na elimu ya jumla.

Hayo yote ni mema, na tunawapongeza waliohusika. Lakini majengo hayafundishi. Tunapenda kuwaeleza wakuu wetu wa Serikali, kwa heshima zote, mambo manne ambayo sisi tunaona yasipotazamwa, majengo hayo yatageuka mabweni ya kusubiria ajira.

Jambo la kwanza ni masomo yenyewe. Chuo kilichozungukwa na maji kinapaswa kufundisha kazi za majini. Useremala wa viti na ushonaji wa sare ni kazi za heshima, lakini Ukerewe na Ukara zinalia kwa kukosa mafundi wa injini za boti, waundaji wa boti za mbao na za faiba, mafundi wa majokofu na barafu, mafundi wa umeme wa jua, na watu waliofunzwa kukausha na kufungasha dagaa ili wasiharibike mvua inaponyesha. Injini ikifa leo katika kisiwa kidogo, mwenyewe hulazimika kuisafirisha hadi mjini, na siku zote hizo mtumbwi umelala ufukoni na watoto wanakula kwa mkopo. Walimu wa vyuo wakae na wavuvi, wawasikilize, kisha ndipo waandike mitaala yao.

Jambo la pili ni mafunzo ya kazini. Kila chuo kinayo kanuni ya kumpeleka mwanafunzi kazini kwa majuma kadhaa. Kanuni ni nzuri, lakini yanayotendeka mara nyingi yanasikitisha. Kijana wa umeme hupewa kazi ya kuleta chai. Kijana wa uhasibu hupanga mafaili yaliyokwisha pangwa. Mwishoni kitabu chake cha mazoezi kinajazwa kwa siku moja, kinapigwa mhuri, na kila mmoja anajifanya ameridhika. Udanganyifu huo anaumia mwanafunzi kwanza, kisha anaumia mwajiri huyo huyo anayelalamika mwaka unaofuata kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi. Tunapendekeza kila ofisi, karakana na kiwanda kinachopokea wanafunzi kimteue mtu mmoja wa kuwasimamia, na chuo kimtembelee mwanafunzi kazini bila kutoa taarifa.

Jambo la tatu ni kuwatambua wale waliojifunza bila darasa. Watu wa Ukara wanajulikana ulimwenguni kwa kilimo chao. Kwa vizazi vingi wamefuga ng'ombe ndani ya mabanda, wakawakatia majani, wakatumia samadi kulisha ardhi isiyopata nafasi ya kupumzika, na wataalamu wakaja kuandika vitabu juu yao. Elimu hiyo haikutoka chuoni. VETA inao utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi huonyesha kazi yake mbele ya wapimaji, akifaulu hupewa cheti, na penye upungufu huelekezwa la kujifunza. Utaratibu huu ni dawa halisi kwa fundi wa kisiwani. Lakini dawa iliyowekwa ng'ambo ya maji haimponyi mgonjwa. Wapimaji na wavuke, wakae Nansio na Bwisya kwa siku kadhaa, wawakute mafundi penye mitumbwi yao. Ni rahisi kuwasafirisha wapimaji watano kuliko kuwasafirisha mafundi mia.

Jambo la nne ni mtaji na malazi. Fundi aliyehitimu bila vifaa ni sawa na mvuvi aliyefunzwa bila wavu. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Tunaziomba halmashauri za mwambao ziwafikirie kwanza wahitimu waliojiunga katika vikundi wakiwa na cheti na mpango wa kazi, na inapowezekana zitoe vifaa badala ya fedha taslimu. Kuhusu malazi, msichana wa Irugwa hawezi kusoma Nyakato kama hana mahali salama pa kulala. Azimio la Musoma lilitufundisha kwamba utaratibu usiomfikiria msichana unamwacha nje hata kama haukukusudia. Bweni la wasichana si anasa. Bila bweni, mlango wa chuo kwake umefungwa.

Serikali tumeieleza la kwake. Sasa tuwaeleze na wazazi wenzetu, kwani si haki kuinyoshea Serikali kidole na kusahau vidole vitatu vinavyotuelekea wenyewe.

Ndugu mzazi, kabla hujauza ng'ombe, uliza maswali. Chuo unachoambiwa kinatambuliwa? Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya ufundi na ufundi stadi husimamiwa na baraza la NACTVET. Jina la chuo lisipopatikana katika orodha zao, rudisha fedha zako mfukoni. Wanafunzi wake wanakwenda kujifunza kazi wapi, na kwa muda gani? Waliomaliza mwaka uliopita wako wapi leo? Na zaidi ya yote, mtoto mwenyewe anapenda nini, na mikono yake inaelekea wapi? Mtoto mwenye akili ya hesabu na moyo wa kusoma, mpeleke chuo kikuu bila kusita, na usimpunguzie hata senti moja. Serikali ilianzisha Bodi ya Mikopo mwaka 2004 kwa ajili ya watu kama yeye, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo hiyo imewafikia pia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa. Lakini mtoto ambaye tangu utotoni amekuwa akifungua redio na kuifunga tena ikalia, usimlazimishe kukaa miaka minne akisoma asichokipenda, eti kwa sababu jirani ana mtoto chuo kikuu.

Tena njia hizi hazikatazi mtu kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Anayeanza na cheti cha ufundi anaweza kufanya kazi, akarudi kusoma stashahada, na akijaliwa akafika kwenye uhandisi. Huyo atakuwa mhandisi ambaye amekwisha shika spana, na mafundi walio chini yake hawatamdanganya. Na aliyeanza na shahada asione aibu kukaa miezi sita katika karakana ya mtu asiyejua Kiingereza. Atatoka hapo akijua mambo ambayo hakuna profesa aliyemwandikia ubaoni.

Kwa waajiri tunalo neno fupi. Anayetaka uzoefu na auzalishe. Haiwezekani kila mtu atake kuvuna mahali ambapo hakuna aliyepanda. Kiwanda cha samaki, kampuni ya meli, gereji na ofisi ya umma zichukue wanagenzi kila mwaka, hata wawili watatu, wawalipe posho ya nauli na chakula, wawafunze kweli. Gharama hiyo ni ndogo kuliko gharama ya mashine iliyoharibiwa na mtu asiyefunzwa, na ni ndogo mno kuliko gharama iliyolipwa Bwisya.

Sisi wa mjini tusijione kuwa tumesalimika. Katika mitaa ya kando ya Mto Mirongo wamejaa vijana wenye vyeti wasio na kazi, na hatua chache kutoka walipo, wenye nyumba wanahangaika kumtafuta fundi bomba wa kuaminika. Hali hiyo si kudra ya Mungu. Ni matokeo ya namna tulivyopanga elimu yetu na namna tulivyowagawia watu heshima. Tukiwapa heshima sawa mhandisi, fundi na mwanagenzi, na tukazifungua njia kati yao, abiria wale watakaoshuka gatini mwakani hawatauliza mtoto aende wapi kana kwamba mlango ni mmoja. Watauliza aanzie wapi. Na boti itakayowarudisha nyumbani itakuwa imeundwa, imekaguliwa na kuendeshwa na watu waliofunzwa kazi yao.